Kabla ya Timon na Pumbaa

Jioni Rugu, mtoto akishamaliza kutazama The Lion King kwenye simu ya mama, huja jikoni akiimba "Hakuna Matata". Ukimuuliza wimbo ni wa nani, atakujibu ni wa Timon na Pumbaa. Hajakosea sana. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1994, nyimbo zake wakatunga Elton John na Tim Rice, na ndiyo iliyoupeleka wimbo dunia nzima.

Ila msemo si wao. Mwaka 1982, bendi ya Them Mushrooms ya Kenya iliuimba katika "Jambo Bwana", na kabla ya hapo watu walikuwa wakiusema tu, ingawa huku kwetu wengi husema hakuna shida. Disney ikausajili Marekani mwaka 2003, kama alama ya biashara ya fulana. Mwaka 2018 watu wengi walilalamika mtandaoni.

Mzazi hana haja ya kuzima simu. Amchezee mtoto "Jambo Bwana" kwanza, kisha wa filamu. Akiuliza Kinyambo kinasemaje, bibi yupo.