Takwimu za Watazamaji Si Kura

Kila tamthilia ya mchana inapofutwa Marekani, maelezo huwa yaleyale: watazamaji wamehama, takwimu zimesema, nani abishane na takwimu? Hata mashabiki waliopokonywa kipindi chao huyarudia maelezo hayo. Yana ukweli nusu, na ndiyo maana ni hatari.

Kweli, watazamaji wamepungua. Novemba 1981, harusi ya Luke na Laura, wahusika wa tamthilia ya General Hospital, ilitazamwa na watu wapatao milioni 30. Leo hakuna tamthilia ya mchana inayokaribia idadi hiyo. Lakini kupungua si kwisha, na anayeziona takwimu hizi kama kura ya wananchi hajui zinavyotumika.

Tangu 1987 Nielsen, kampuni inayohesabu watazamaji, huweka kifaa kando ya televisheni za kaya zilizoteuliwa kuwakilisha nchi nzima. Kila mwanakaya ana kitufe chake. Akikaa kutazama anakibonyeza, na umri na jinsia yake vimekwisha kusajiliwa. Bibi wa miaka 67 akibonyeza chake saa nane mchana, anahesabiwa sawasawa na mjukuu wake. Tofauti huanza hesabu ikifika mezani kwa wenye matangazo, kwani kwa miaka mingi kundi walilolilipia zaidi ni wanawake wa miaka 18 hadi 49. Mtazamaji mwaminifu kuliko wote, asiyekosa hata siku moja, huko bei yake ni ya kutupwa. Akufukuzaye hakwambii toka.

Tazameni yaliyotokea katika televisheni ya ABC. Aprili 2011 ilitangaza kuzifuta All My Children, iliyoanza 1970, na One Life to Live, iliyoanza 1968. Hoover, watengenezaji wa mashine za kusafishia mazulia, waliondoa matangazo yao kupinga uamuzi huo. Januari 2012 nafasi ya One Life to Live ikachukuliwa na The Revolution, kipindi cha mazungumzo kuhusu afya na mitindo. Kufikia Julai mwaka huohuo, nacho kilikuwa kimekwisha. Kilichofutwa kilidumu miaka zaidi ya 40. Kilicholetwa hakikufikisha hata mwaka.

Kwa nini basi kililetwa? Kwa sababu ya gharama. Tamthilia hudai waandishi, kundi kubwa la waigizaji wa kudumu, mandhari za kujengwa na kipindi kipya siku tano kwa wiki. Mazungumzo hudai meza, viti na wageni. Mahesabu ya fedha ndiyo yaliyoamua, lawama wakabebeshwa watazamaji.

Na kama umma ulikwisha kuzikataa tamthilia hizi, mbona Februari 2025 CBS ilizindua mpya, Beyond the Gates? Miongoni mwa walioshirikiana kuitengeneza ni Procter & Gamble, kampuni ya sabuni iliyokuwa nyuma ya Guiding Light na As the World Turns hadi zilipofutwa 2009 na 2010. Mfanyabiashara hamwagi fedha yake kaburini.

Kituo kina haki ya kukwepa hasara. Hakina haki ya kumwambia mama aliyekipa mchana wake miaka 30 kwamba yeye ndiye aliyeondoka. Kiseme wazi: tumeona wewe hutuletei faida ya kutosha. Na mashabiki waache kuomba radhi kwa kosa ambalo hawakulitenda.