Tathmini ya usalama ianzie kwa anayefungua geti

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 1999, Edmond Safra, mwenye benki na mmoja wa matajiri wakubwa wa zama zake, alifia bafuni mwake huko Monaco. Makazi yake yalikuwa juu kabisa ya jengo ambalo ndani yake mlikuwa na benki yake, yenye milango ya chuma na kamera, katika nchi ndogo inayosifika kwa wingi wa polisi. Aliyewasha moto alikuwa muuguzi wake, mwanajeshi wa zamani wa kikosi maalumu cha Marekani, aliyekuwa kazini kwa miezi michache tu. Alijichoma kisu mwenyewe, akazua habari ya wavamizi wawili waliofunika nyuso, akitumaini kuonekana shujaa machoni pa bosi wake. Safra aliamini kweli amevamiwa. Akajifungia pamoja na muuguzi mwingine, mwanamke, na hakukubali kutoka. Polisi nao walidhani ndani kuna watu wenye silaha, hivyo uokoaji ukachukua saa mbili na zaidi. Wote wawili waliuawa na moshi. Walinzi wa Safra usiku ule hawakuwapo: walikuwa kwenye kasri lake jingine, upande wa Ufaransa. Mwaka 2002 mahakama ya Monaco ilimhukumu muuguzi yule kifungo cha miaka 10.

Natamani kisa hiki kisomwe na kila familia yenye uwezo mkubwa kabla haijamwita mtu aje kuikagulia nyumba. Masaki na Oysterbay jijini Dar es Salaam, Karen na Muthaiga jijini Nairobi, ukaguzi wa namna hiyo mara nyingi huenda hivi: anakuja afisa wa kampuni ya ulinzi na fomu yake, anazunguka ukuta, anahesabu kamera, anatazama fensi ya umeme, anauliza mbwa ni wangapi, kisha anaandika bei. Aliyekuja kukagua ndiye atakayeuza vifaa, kwa hiyo si ajabu kila kasoro anayoiona dawa yake ni kifaa. Kwa maoni yangu, tathmini inayoanzia ukutani imeanzia mwisho. Matukio makubwa tunayoyajua yanaonyesha kwamba hatari huifikia familia tajiri kupitia habari zinazovuja na kupitia mpangilio wa maisha ya watu wanaoishi na kufanya kazi nyumbani humo. Huko ndiko pa kuanzia, na wa kwanza kuketi naye na kumsikiliza ni yule anayefungua geti.

Tuanze na habari zinazovuja, kwa kuwa ushahidi wake ndio ulio wazi zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Oktoba 2016, Kim Kardashian aliporwa vito vya thamani ya dola milioni 10 hivi katika makazi ya kifahari aliyofikia jijini Paris. Siku chache kabla alikuwa ameionyesha mitandaoni pete yake ya almasi, na dunia nzima ilijua yuko Paris kwa wiki ya mitindo. Mlinzi wake usiku ule alikuwa ametoka na ndugu wa Kim. Majambazi, baadhi wakiwa wamevaa kama polisi, hawakulazimika kupambana na mlinzi yeyote. Miaka mitatu baadaye, Desemba 2019, wezi waliingia katika nyumba tatu za watu maarufu London ndani ya wiki mbili: ya mwanasoka wa zamani Frank Lampard, ya familia ya marehemu mmiliki wa klabu ya Leicester City, na ya Tamara Ecclestone katika eneo la Kensington, mtaa wenye ulinzi ambao mitaa mingi ya dunia haiwezi kuuota. Kwa Ecclestone walipitia bustanini wakati familia iko Lapland kwa mapumziko, wakaondoka na mali iliyokadiriwa kufika pauni milioni 25. Kujua kwamba mtu maarufu amesafiri hakuhitaji jasusi. Picha moja ya mtoto uwanja wa ndege, ikiwekwa mtandaoni na shangazi mwenye nia njema, imetosha.

Hapa kwetu tuna somo letu. Tarehe 11 Oktoba 2018, alfajiri, bilionea Mohammed Dewji alitekwa na watu wenye silaha katika hoteli ya Colosseum, Oysterbay, alikokwenda kufanya mazoezi kama alivyozoea. Alikuwa ameendesha gari mwenyewe, bila mlinzi. Familia ilitangaza zawadi ya shilingi bilioni 1 kwa atakayetoa taarifa, na usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba akapatikana hai, ametelekezwa katika viwanja vya Gymkhana. Nyumbani kwake hakuna aliyeruka ukuta. Kilichotumika ni mazoea: saa ileile, njia ileile, mahali palepale. Mkaguzi anayeishia getini hawezi kuliona hili, kwa sababu ratiba ya mwenye nyumba haimo kwenye fomu yake. Nyumba ni pamoja na njia ya kwenda shule, ibada ya Ijumaa au Jumapili, saluni ya Jumamosi na mazoezi ya alfajiri. Na wanaoijua ratiba hiyo kwa usahihi kuliko hata mwenyewe ni dereva, dada wa kazi na askari wa getini.

Basi tusimame getini kidogo. Askari ameingia zamu saa kumi na mbili jioni, atatoka saa kumi na mbili asubuhi, na akitoka ana daladala mbili hadi nyumbani. Kibanda chake kinatazama barabara. Ukuta wa nyuma, ule unaopakana na kiwanja kisichojengwa, haoni kabisa. Mezani ana daftari la wageni ambalo limejaa majina ya kwanza na namba za simu, nyingine zimepungua tarakimu moja, na hakuna aliyewahi kulifungua ili kulisoma. Kuanzia asubuhi mwenzake wa zamu ya mchana atamfungulia fundi wa AC, kijana wa bwawa la kuogelea, boza la maji, bodaboda wa chakula na jamaa wa intaneti. Kila mmoja husema neno lilelile, "nimeagizwa na bosi," na mlinzi hana namna ya kuhakikisha, kwa sababu akimpigia bosi anafokewa kwamba anasumbua, na akimzuia mgeni halali anafokewa kwamba ana kiburi. Siku mbili tatu za namna hiyo zinamfundisha kufungua tu. Udhaifu huo hauonekani kwenye kamera yoyote, na kuuondoa hakugharimu zaidi ya simu moja asubuhi yenye orodha ya wanaotarajiwa, pamoja na ahadi inayotimizwa kwamba mlinzi aliyemzuia mtu asiyemo kwenye orodha hatagombezwa, hata kama aliyezuiwa ni shemeji.

Mlinzi huyohuyo anajua mengine mengi. Anajua taa ipi ya nje imeungua tangu mwezi uliopita. Anajua kwamba umeme ukikatika fensi hulala mpaka jenereta iwake, na kwamba jenereta huwashwa na kijana mmoja ambaye Jumapili hayupo. Ameiona pikipiki isiyo na namba ikipita mara tatu wiki hii. Mkaguzi anayekaa naye nusu saa, bila bosi kusikiliza, atatoka na mambo mengi kuliko aliyezunguka ukuta kutwa. Na akimuuliza dada wa kazi ataambiwa nani ana nakala ya funguo za jikoni, na ni fundi yupi aliwahi kuachwa peke yake vyumbani.

Suala la mshahara nalo limo humuhumu, ingawa wakaguzi huliogopa kwa sababu linamgusa mteja mfukoni. Mwaka 2024 mamlaka ya kusimamia ulinzi binafsi nchini Kenya ilitaka mlinzi wa Nairobi alipwe angalau shilingi 30,000 za Kenya kwa mwezi, na agizo hilo likapingwa hadi mahakamani. Ninaelewa hoja za kampuni kuhusu mikataba na ushindani. Lakini tutafakari fedha zinazozunguka kwenye usalama wa matajiri. Kampuni ya Meta ilitangaza mwaka 2023 kwamba posho ya kila mwaka kwa ajili ya usalama wa Mark Zuckerberg na familia yake inapanda hadi dola milioni 14. Matajiri wetu hawafiki huko, hata hivyo gharama ya kuweka kamera nyumba nzima ingeweza kuongeza kipato cha walinzi wawili kwa muda mrefu. Familia inayomkabidhi mtu uhai wa watoto wake usiku kucha, kisha ikakubali kampuni imlipe kiasi kisichomtosha kodi na ada ya mtoto, imeacha pengo ambalo fedha ya mtu mwingine inaweza kuliziba. Hilo liandikwe kwenye ripoti ya tathmini kwa herufi zilezile zinazoandika ukuta uliopasuka.

Wataalamu wa vifaa watasema ninadharau kazi yao. Sidharau. Ukuta, milango na kamera vina kazi inayoeleweka: kumtambua mvamizi mapema na kumchelewesha muda wa kutosha ili msaada ufike. Mlango unaomchelewesha mtu dakika tano una maana pale tu ambapo kuna anayekuja ndani ya dakika tano. Kwa hiyo swali la kifaa nalo hurudi kwa watu: king'ora kikilia nani anasikia, anapiga simu wapi, gari linatoka kituo gani na saa hiyo barabara ikoje? Na kuna upande wa pili ambao kifo cha Safra kinaudhihirisha kwa uchungu. Kila kinachomzuia mbaya kuingia kinaweza kumzuia mwema kuingia, na kukuzuia wewe kutoka. Tazama madirisha ya nyumba zetu, za matajiri na za wasio matajiri: nondo za kuchomelea kila upande, na lile dirisha moja lililotengewa kutokea lina kufuli ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa baba, naye amesafiri. Tathmini isiyouliza familia inatokaje moto ukiwaka saa nane usiku ni nusu ya tathmini, na pengine si nusu iliyo muhimu zaidi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuanza na wafanyakazi ni kuwageuza washukiwa. Hofu hiyo ina msingi, na historia inaiunga mkono. Mtoto wa rubani mashuhuri Charles Lindbergh alipoibwa kitandani mwake huko New Jersey tarehe 1 Machi 1932, wachunguzi waliwabana watumishi. Kulikuwa na sababu ya kuuliza: familia kwa kawaida haikuwa katika nyumba ile katikati ya wiki, na usiku ule ilibaki kwa sababu mtoto ana mafua. Lakini mtumishi mmoja wa kike wa nyumbani kwa wakwe wa Lindbergh, aliyehojiwa na kuhojiwa tena, alijiua kwa sumu mwezi Juni mwaka uleule, na baadaye maelezo yake ya usiku wa tukio yakathibitika. Aliyetiwa hatiani alikuwa seremala ambaye hakuwahi kuajiriwa na familia hiyo. Alifika na ngazi ya mbao kwenye dirisha ambalo kibao chake cha nje hakikuweza kufungwa sawasawa. Dirisha bovu lilikuwa jambo ambalo mtu wa ndani ya nyumba angelitaja siku ya kwanza, kama angeulizwa kwa heshima na kabla ya maafa. Ninachokitetea hapa ni kuulizwa kwa namna hiyo. Kumchunguza mtu kabla ya kumwajiri ni halali, kuwapigia waajiri wake wa zamani ni halali, kutompa mgeni wa miezi michache funguo zote ni busara. Kumtisha, kumpekua mkoba kila jioni na kumnyang'anya simu humfanya mtu ambaye angekuwa jicho lako awe mtu anayehesabu siku za kuondoka.

Wapo pia watakaouliza kwa nini gazeti lipoteze nafasi kwa usalama wa watu wenye nacho, wakati mitaa ya wengi haina hata taa. Swali hilo ni la haki, na ningelikubali kama wenye nacho wangekuwa peke yao ndani ya kuta hizo. Hawako peke yao. Usiku ule wa Paris, mtu wa kwanza kutiwa pingu na kuelekezewa bastola alikuwa mfanyakazi wa mapokezi wa zamu ya usiku, aliyelazimishwa kuwaongoza majambazi hadi chumbani. Mwaka 2025, watu wanane walipotiwa hatiani kwa uhalifu ule, dunia ilikumbuka jina la mwenye vito. Kule Monaco, aliyekufa pamoja na Safra alikuwa muuguzi aliyekuwa kazini. Huku kwetu, majambazi wakija usiku, wa kwanza kukutana nao ni askari mwenye rungu na tochi, ambaye mara nyingi hana bima, na ambaye hajawahi kuambiwa kwa maneno ya wazi iwapo bosi anatarajia apambane, apige king'ora au akimbie. Tathmini inayolipiwa mamilioni iwe na ukurasa unaosema yeye atajificha wapi, atampigia nani, na familia yake italipwa nini akiumia. Kisha asomewe ukurasa huo, kwa lugha anayoielewa, kabla ya zamu yake ya jioni.