Darubini ya Kupanda Nayo Mlimani

Askari aliyewahi kupanda mlima akiwa na silaha begani na mfuko mgongoni haambiwi maana ya uzito. Kitu kisichohisiwa kambini huwa adui wa shingo baada ya mwendo wa saa tatu katika tope na miteremko. Kanuni hiyo haihusu bunduki na chakula tu. Yahusu pia chombo ambacho jamaa nyingi za Kigali hukinunua pindi likizo inapokaribia, nacho ni darubini ya macho mawili, ya kutazamia wanyama, ndege na vilele vya milima.

Mara nyingi chombo hicho hununuliwa kwa kosa moja: mnunuzi huchagua ile yenye tarakimu kubwa kuliko zote dukani. Kisha hufika kwenye miteremko ya Karisimbi au katika msitu wa Nyungwe, akaona picha inayotetemeka na yenye giza. Darubini hurudishwa kabatini, na fedha ya mshahara imekwenda bure. Yafaa basi baba na mama wa nyumba waelewe mambo machache kabla ya kufungua mkoba.

Kutoka mtutu hadi jicho

Katika milima ya Virunga, lenzi na bunduki zina historia moja. Mwezi Oktoba 1902, Robert von Beringe, afisa wa jeshi la kikoloni la Ujerumani, aliwapiga risasi gorila wawili katika mlima Sabyinyo. Mmoja alipelekwa Berlin, na mwaka 1903 wataalamu wakampa mnyama huyo jina la afisa huyo. Mwaka 1921 Carl Akeley wa Marekani naye aliua gorila katika milima hiyo kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Lakini Akeley aligeuka, akawa mtetezi wao, na mwaka 1925 Wabelgiji wakaanzisha Hifadhi ya Albert. Baada yake walikuja watu waliopanda mlima ili kutazama na kuandika: George Schaller mnamo 1959, na Dian Fossey, aliyeanzisha kituo cha Karisoke mwaka 1967.

Matunda ya badiliko hilo yanahesabika. Mwaka 1981 gorila wa Virunga walikadiriwa kuwa 254. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 iliwapata 604. Ndiyo sababu mkazi wa Kigali anayepanda mlima leo hana haja ya darubini ya bunduki. Kuwinda katika hifadhi ya taifa ni kosa la jinai, na hata mtego uliotegewa paa huweza kukata mkono wa mtoto wa gorila.

Hata hivyo, hesabu ya kuchagua darubini ya bunduki nyepesi ya milimani, kama zile zitumiwazo na wawindaji wenye leseni katika nchi zinazoruhusu, yafanana sana na hesabu ya darubini ya mkononi. Mwindaji mwenye busara hafungi chombo kizito juu ya bunduki aliyoinunua kwa wepesi wake. Hutafuta chenye ukuzaji wa wastani na lenzi isiyo kubwa mno. Tofauti kuu moja ni nafasi ya jicho. Bunduki ikiwa nyepesi hulipiga bega kwa nguvu zaidi, kwa hiyo darubini yake lazima ionyeshe picha kamili jicho likiwa mbali nayo, yapata sentimita 9, la sivyo ukingo wake utampasua mpigaji juu ya nyusi.

Maana ya tarakimu mbili

Kila darubini huandikwa tarakimu mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza ni ukuzaji: mnyama aliye umbali wa mita 80 huonekana kana kwamba yuko mita 10. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, yaani upana wa dirisha linaloingiza mwanga.

Ukigawanya ya pili kwa ya kwanza hupatikana upana wa duara la mwanga linalofika jichoni. Darubini ya 8x42 hutoa duara la milimita 5 na kidogo. Ya 10x42 hutoa milimita 4.2, ya 8x25, ile ndogo ya mfukoni, hutoa milimita 3 tu. Mchana kweupe tundu la mboni ya mtu huwa na milimita 2 au 3, hivyo hata ile ndogo yatosha. Lakini chini ya miti ya Nyungwe, au alfajiri penye ukungu, mboni hupanuka, na darubini yenye duara jembamba huonyesha giza. Kwa kijana mboni yaweza kufika milimita 7 usiku; kwa mtu wa makamo hupungua hata 5. Ndiyo maana darubini nzito ya 7x50, inayopendwa na mabaharia, haimfaidii sana babu. Hubeba mwanga ambao mboni yake haiwezi kuupokea.

Ukuzaji mkubwa nao una gharama. Hukuza mnyama, lakini hukuza pia mtetemo wa mkono. Mtu aliyetoka kupanda, moyo ukimdunda, hawezi kuituliza darubini ya mara 12 bila ya kuiegemeza. Tena uwanja wa kuonea hupungua: darubini ya mara 8 huonyesha eneo la mita 120 hadi 140 kwa umbali wa mita 1,000, na ile ya mara 10 huonyesha pungufu ya hapo. Kumtafuta shorobo arukaye kati ya matawi kwa uwanja mwembamba ni kazi ya kuchosha.

Kwa jamaa inayotaka darubini moja ya kazi zote, 8x42 ni chaguo la kati, nayo huwa na uzito wa gramu 600 hadi 750. Anayepanda sana, au mama anayebeba pia chakula cha watoto, atafaidika zaidi na 8x32, yenye gramu 450 hadi 550. Anayekwenda Akagera na kutazama tambarare kutoka garini aweza kuchukua 10x42, kwa kuwa gari humpa mahali pa kuegemeza viwiko.

Mvua, ukungu na miwani

Kigali ipo kwenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi. Kilele cha Karisimbi kina mita 4,507. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, baridi huongezeka kwa yapata nyuzi 6. Darubini iliyojaa hewa yenye unyevu hufanya ukungu ndani ya vioo, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Inayofaa mlimani ni ile iliyozibwa maji yasiingie na kujazwa gesi ya naitrojeni.

Vioo navyo vitazamwe. Uso wa kioo kitupu hurudisha asilimia 4 hivi ya mwanga. Darubini ina nyuso nyingi za kioo ndani yake, na zikiwa 10 zisizopakwa dawa, karibu theluthi ya mwanga hupotea njiani. Kioo kilichopakwa vizuri huonyesha mng'ao hafifu wa kijani au zambarau, nao uwe hivyo kwa vioo vyote.

Mvaaji wa miwani na aulize nafasi ya jicho. Ikiwa chini ya milimita 15, ataona duara dogo tu katikati ya giza.

Majaribio ya dukani

Kwanza, mnunuzi aishike darubini kwa kunyoosha mikono, aielekeze kwenye mwanga wa dirisha, na kutazama madoa mawili ya mwanga. Yawe mviringo kamili, yasiwe na kona. Pili, atoke mlangoni atazame ukingo wa paa la mbali au mgongo wa Mlima Kigali. Akiona mistari miwili badala ya mmoja, au akihisi macho yakivutwa, vioo vimepotoka, na bei rahisi haitaviponya.

Tatu, airekebishe kwa macho yake. Afunge jicho la kulia na kuzungusha gurudumu la katikati hadi la kushoto lione sawasawa. Kisha afunge la kushoto na kuzungusha pete ya upande wa kulia. Wengi wasiojua pete hiyo hudhani darubini ni mbovu. Kila mtu nyumbani akumbuke alama yake, kwani macho ya mke si macho ya mume.

Amri mbili za usalama

Amri ya kwanza yawahusu wale waliokabidhiwa silaha. Darubini ya bunduki si chombo cha kutafutia. Anayeitumia kuchungulia kichaka huelekeza pia mtutu huko, na kichakani huenda mna mtoto atafutaye kuni au askari mwenzake wa doria. Kutafuta ni kazi ya darubini ya mkononi. Ile ya bunduki huinuliwa tu baada ya kujua kwa hakika kilichopo mbele na kilichopo nyuma yake.

Amri ya pili ni ya watoto: wasilitazame jua kwa darubini, hata kwa nukta moja. Lenzi hukusanya miali yake na kuliunguza jicho bila ya maumivu ya kuonya.

Utunzaji

Vumbi lipulizwe au lifagiliwe kwa brashi laini kabla ya kufuta, kwa sababu chembe ya mchanga chini ya kitambaa ni kama msasa. Kisha kitumike kitambaa safi cha pamba, wala si upindo wa shati. Katika majira ya mvua darubini isifungiwe ikiwa na unyevu; kuvu huota juu ya vioo na kuvila. Ikaushwe kivulini, kisha iwekwe pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu viletwavyo ndani ya masanduku ya viatu.

Likizo si lazima iwe ya safari ndefu. Darubini njema yaweza kuanza kazi jijini, katika bustani ya Nyandungu iliyofunguliwa mwaka 2022, ambako mtoto hujifunza kutambua ndege kwa rangi na mwendo. Atakayejizoeza hapo kutulia na kutazama kwa subira atakuwa amejiandaa kwa mlima, na huenda akaja kuwa miongoni mwa waongozaji na walinzi wa hifadhi hizo.