Tusiseme "Ni Uzee Tu"

Surat Al-Israa, aya ya 23, inatukataza kuwatolea wazazi wazee hata neno la kuchoshwa nao. Je, kuwaacha wakae kimya peke yao kunajuzu?

Hapa Rungwe, kwenye miteremko na mvua za Tukuyu, mzee akianguka mara moja huogopa kutoka. Asipotembea, misuli hupungua; akipweke, moyo husononeka; akisononeka, hukosa hamu ya kula, na mwili huzidi kudhoofika. Nasi husema, "Ni uzee tu."

Ndugu Waislamu, unyonge huu aghalabu hupunguzwa kwa maharage na maziwa, matembezi mafupi, mazungumzo na kumwahisha hospitali. Vijana mlioko Mbeya na Dar es Salaam, tunawausia: fedha mnazotuma ni wema, lakini fedha haimshiki mzee mkono kwenda msikitini.

Wallahu aalam.