Mama, kabla ya kuuliza bastola gani, uliza ufunguo utakaa kwa nani

Kolwezi pesa bado hutembea kwa miguu. Mama anayenunua madini kwa wachimbaji wadogo, mwenye duka la unga karibu na soko, mwenye depo ya vinywaji kule Manika, wote hufunga siku wakiwa na dola na franka mkononi, na wote wanaijua njia ya kurudi nyumbani ilivyo umeme ukikatika. Si ajabu basi kwamba baadhi yao wanauliza, kwa sauti ya chini, swali ambalo zamani lilikuwa la wanaume: nikitaka bastola yangu ya kwanza, nichukue ya namna gani?

Jibu wanalopewa karibu kila mara ni lile lile: "Chukua ndogo, mama, ya kuingia kwenye mkoba." Shemeji analisema, dereva analisema, askari mstaafu wa jirani naye analisema. Ni jibu baya. Tutaeleza ubaya wake kwanza, kisha tuseme jambo ambalo washauri hawa hawalitaji kabisa.

Risasi ikitoka, bastola hurudi nyuma na kupiga teke kwenye kiganja. Nguvu ya teke inatokana na risasi, lakini uzito wa chuma ndio unaolimeza. Bastola ya kati ya milimita 9, kama Glock 19, ina uzito wa gramu 600 hivi bila risasi. Zile za mfukoni, kama Ruger LCP, hazifiki gramu 300. Risasi yake ni dhaifu kidogo, kweli, lakini chuma cha kulimeza teke hakipo, mpini hautoshi vidole vyote, na alama za kulengea ni vidoa tu. Asiyezoea akipiga mara mbili mkono unamuuma, na mara ya tatu anafumba macho kabla hajavuta kifyatulio. Mtu anayeiogopa bastola yake mwenyewe hatajifunza kitu. Ile ndogo inamfaa aliyekwisha kuwa fundi, anayekubali shida yake kwa sababu anataka kuificha.

Kuna pia wanaomshauri mama achukue rivolva fupi ya risasi tano, "maana haikwami". Ni kweli haikwami ovyo. Lakini kifyatulio chake, pale ambapo hujarudisha nyundo kwa kidole gumba, kinadai nguvu ya kama kilo tano, na mtutu wake mfupi hauna huruma na mkono unaotetemeka. Kwa hatua kumi gizani, hiyo ni kubahatisha.

Anayeanza atazame mambo mengine. Kwanza mkono: akishika mpini sawasawa, kidole cha shahada kifike kwenye kifyatulio bila kuipinda bastola. Pili, aweze kuikoki mwenyewe. Hapa wanawake wengi huambiwa hawana nguvu, wakati hawakuonyeshwa tu namna. Ukishika chuma cha juu kwa vidole viwili na kuvuta, hata mwanaume atahangaika. Ukikishika kwa kiganja chote cha kushoto karibu na kifua, halafu mkono wa kulia ukasukuma mpini mbele, kinarudi. Viwanda navyo vimeamka: mwaka 2018 Smith & Wesson walitoa Shield EZ, bastola ambayo chuma chake cha juu huvutwa kwa nguvu ndogo. Masomo ya kwanza yafanywe kwa bastola ya risasi ndogo ya .22, yenye teke dogo na risasi za bei nafuu. Na mtu apige kwa bastola za mkufunzi, tatu au nne tofauti, kabla ya kutoa pesa yake. Viatu hatununui kwa kuambiwa namba ya mguu wa shemeji.

Katika nyumba za zamani za Katanga kuna jina moja la kimarekani lililokuja kwa njia ya Ubelgiji: Browning, ile GP ya mwaka 1935 iliyotengenezwa na kiwanda cha FN cha Herstal. Ni chuma kizuri, karibu gramu 900, na teke lake ni la upole. Lakini ikiwa marehemu baba aliiacha sandukuni bila karatasi, mama hajarithi mali hapo. Amerithi kesi.

Kwa maana sheria ipo. Amri-sheria namba 85/035 ya tarehe 3 Septemba 1985, ya wakati wa Mobutu, inasema raia hanunui, hamiliki wala habebi silaha ya moto bila kibali cha serikali. Silaha za vita si za raia kabisa. Ndiyo sababu hata walinzi wa kampuni binafsi unaowaona milangoni mwa benki na migodi hawana bunduki. Bunduki iko kwa polisi aliyewekwa kando yao. Nchi ambayo haimpi mlinzi wa kulipwa silaha haitamwonea huruma mama aliyeuziwa bastola nyuma ya baa. Anayekuuzia bila karatasi hakuambii ilikotoka, na ikiwa imewahi kutumika kwa mauaji au wizi, wewe ndiye utakayekutwa nayo.

Mji huu pia una kumbukumbu yake na bunduki. Wazee waliokuwapo Mei 1978, waasi walipoingia kutoka upande wa Angola na askari wa Kifaransa wakarushwa kwa miavuli kuja kuukomboa, hawahitaji kuelezwa silaha zikizagaa mitaani huwa zinafanya nini. Na tusiende mbali hivyo. Tarehe 15 Novemba 2025, kwenye mgodi wa Kalando huko Mulondo, daraja la muda liliporomoka chini ya wachimbaji, na watu wasiopungua 32 wakafa kwa hesabu iliyotolewa na serikali ya jimbo. SAEMAPE, idara inayosimamia uchimbaji mdogo, iliandika kwamba watu walilikimbilia daraja kwa hofu baada ya wanajeshi waliokuwa wakilinda eneo kupiga risasi. Hao ni watu waliofundishwa kazi hiyo. Mama mwenye bastola sokoni, katikati ya umati, akipiga moja tu hewani kumtisha kibaka, ajue umati hautauliza aliyepiga ni nani.

Sasa lile lisilotajwa. Bastola ikishaingia nyumbani, ni ya nani?

Kwenye karatasi ni ya mama. Amelipa yeye, kibali kina jina lake. Lakini tunajua nyumba zetu zinavyoendeshwa. Gari lililonunuliwa kwa pesa ya mama huendeshwa na baba, na simu ya mama husomwa na baba. Kwa nini bastola iwe tofauti? Siku ya ugomvi wa ndoa, siku ambayo baba amerudi amelewa, au mali ya marehemu inagombaniwa na ndugu zake, silaha iliyonunuliwa kwa ajili ya jambazi wa barabarani iko kabatini, hatua nne kutoka kitandani.

Hili si dhana ya kuwasema wanaume vibaya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walifuatilia mamilioni ya watu wazima wa California kwa miaka mingi, na matokeo yakatoka mwaka 2022: mtu asiye na silaha anayeishi na mwenye bastola alikuwa na hatari ya kuuawa zaidi ya mara mbili ya yule anayeishi katika nyumba isiyo na bastola. Waliopigwa risasi na wenzi wao walikuwa wengi wao wanawake. California ina polisi wanaofika ukipiga simu. Sisi tunaijua hali yetu.

Kwa hiyo ufunguo. Kabla ya kuchagua kati ya Glock na Browning, mama achague sanduku la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti, na aamue ufunguo unalala wapi. Ikiwa hawezi kumwambia mume wake "huu hutaushika", na jibu likawa sawa, basi hiyo bastola si yake, na asiinunue. Wenye watoto wajue na hili: kuchomoa magazini hakuiachi bastola tupu. Risasi moja hubaki ndani ya chemba, na hiyo ndiyo inayoua mtoto aliyedhani anachezea chuma kisicho na kitu. Kila inapoguswa chuma kivutwe nyuma, macho na kidole vichungulie chemba, kila mara, hata kama uliifungua dakika tano zilizopita.

Wengine watatuambia: ninyi waandishi mnakaa ofisini, jambazi hangojei sanduku lifunguliwe. Ni hoja ya kweli. Bastola iliyofungwa haisaidii anayevamiwa ghafla njiani, na ile inayobebwa kiunoni inadai mazoezi ya kila mwezi ambayo mfanyabiashara wa kawaida hana muda nayo. Hapo ndipo tunapoona kwamba kwa wengi wa mama zetu adui hasa ni ile bahasha ya noti wanayoibeba. Malipo yanayopita kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money hayaibiwi kwa panga kwenye kona. Wanunuzi wa madini wanaosisitiza noti taslimu hadi saa kumi na mbili jioni wanajua hatari wanayomwachia muuzaji, na wanaweza kufunga mizani saa kumi. Hilo halihitaji kibali cha mtu.

Hata hivyo yupo mama ambaye amefikiri yote haya na bado anaitaka bastola, kwa sababu zake, na sheria inampa nafasi ya kuomba. Huyo hatumzuii. Tunachodai ni kwamba njia yake iwe wazi. Leo akiuliza karatasi gani zinatakiwa, ofisi gani, kiasi gani, atajibiwa na mtu wa kati anayetaka chake kwanza. Njia halali ikiwa na giza, ya baa ndiyo inayobaki na taa.

Nchini Kenya, Desemba 2018, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliwaamuru raia wote wenye leseni za silaha wakakaguliwe upya. Kulikuwa na manung'uniko mengi, lakini wenye silaha walijua mlango wa kupiga hodi ulikuwa wa bodi ipi. Kanada nako anayeomba leseni hutaja mwenzi wake wa sasa na wa karibuni, na hao hujulishwa. Kifungu kama hicho kingefaa hapa, hasa kwa kuwa waombaji wengi bado ni wanaume na mwenzi anayestahili kujulishwa ni mke.

Kubadili sheria ya 1985 ni kazi ya Kinshasa. Lakini serikali ya Gavana Fifi Masuka inaweza kubandika kwenye milango ya komini za Dilala na Manika, kwa Kiswahili na Kifaransa, orodha ya karatasi, ada na ofisi inayohusika. Na polisi wa jimbo wanaweza kutenga siku ya mafunzo kwa raia wenye vibali, wakufunzi wanawake wakiwamo, na kumwondolea kibali yeyote atakayeshindwa kuonyesha sanduku lake lilipo na ufunguo alionao nani.