Uteuzi wa majaji: Kura za Mbeya na Iringa haziufikii

KWA miaka 10, kuanzia 2010 hadi 2020, majimbo ya Mbeya Mjini na Iringa Mjini yaliwakilishwa bungeni na wabunge wa upinzani, Joseph Mbilinyi na Mchungaji Peter Msigwa, wote wa CHADEMA kwa wakati huo. Baada ya uchaguzi wa 2015 chama hicho kiliongoza pia Halmashauri ya Jiji la Mbeya na Manispaa ya Iringa.

Hata hivyo, kura hizo hazikuwa na uzito wowote katika kuwapata majaji wa Mahakama Kuu wanaosikiliza mashauri ya mikoa hiyo.

Kwa mujibu wa Ibara ya 109 ya Katiba, Rais huteua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Mwenyekiti wa Tume ni Jaji Mkuu, ambaye naye ni mteule wa Rais. Bunge halithibitishi jina lolote, liwe na wapinzani wengi au wachache.

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inataka Jaji Mkuu apendekezwe na tume na kuidhinishwa na Bunge. Hata huko mivutano haikukosekana: kati ya majaji 41 waliopendekezwa mwaka 2019, Rais Uhuru Kenyatta aliteua 34 Juni 2021. Sita aliowaacha waliteuliwa na Rais William Ruto Septemba 2022.

Kwa kuwa Tanzania haina mizani hiyo, kinga iliyobaki ni usalama wa jaji kazini. Jaji akishaapishwa, hawezi kuondolewa bila uchunguzi wa tume maalumu.

Umuhimu wa kinga hiyo ulionekana Mbeya. Februari 2018, Mbilinyi alihukumiwa na mahakama ya chini kifungo cha miezi mitano kwa kutoa lugha ya fedheha dhidi ya Rais John Magufuli. Oktoba mwaka huo, akiwa amekwisha kuachiwa, Mahakama Kuu mjini humo ilitengua hukumu hiyo.

Ni kinga hiyo inayotikiswa pale kiongozi wa Mahakama anapobaki akisubiri uamuzi wa Rais. Profesa Ibrahim Juma alikaimu nafasi ya Jaji Mkuu tangu Januari 2017 hadi alipothibitishwa Septemba. Alipotimiza miaka 65 Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alimwongezea muda, hatua iliyozua mjadala wa kisheria. Bunge, likiongozwa wakati huo na mbunge wa Mbeya Mjini, Dk. Tulia Ackson, halikuwa na kura. Juni 2025 nafasi hiyo ilikwenda kwa George Masaju, Mwanasheria Mkuu wa Serikali wa zamani.

Mageuzi ya Katiba yatakapojadiliwa tena, kulipa Bunge kura ya kuthibitisha hakutatosha pale ambapo chama cha Rais ndicho chenye wabunge wengi. La kwanza liwe kuweka ukomo wa kukaimu na kufuta nyongeza ya muda, ili Jaji Mkuu asiwe na la kutarajia wala la kuhofia kutoka Ikulu.