Watoto wa Paka na Nasaha ya Aliyesomea

Katika nyumba nyingi za Ngara na Biharamulo paka hafugwi kwa ajili ya pambo, bali hufugwa kwa sababu mahindi yamekwisha kuingia ghalani na maharage yamekwisha kupurwa, na panya hawachelewi kuyafuata. Naye huitumikia nyumba hiyo miaka na miaka kwa ujira wa makombo ya ugali na vichwa vya dagaa. Lakini siku anapojifungua nyuma ya magunia, au chini ya kitanda cha wageni, wenye nyumba hugawanyika: wako wawatupao watoto wake porini, na wako wawaoneao huruma wakataka kuwalea, ilhali hawana ilimu ya kuwalea. Maneno yangu leo nayaelekeza kwa hawa wa pili, maadamu moyo wao tayari ni mwema, na kinachopungua ni mwongozo tu.

Niliwahi kuwa mgeni wa jamaa zangu upande wa Nyakahura, wilayani Biharamulo, wakati paka wao alipokufa ghafla, akaacha watoto watatu ambao hawajafumbua macho. Mama wa nyumba aliwafunika kwa kanga, watoto wakawanywesha kwa kijiko maziwa ya ng'ombe yaliyopoa, wamewalaza chali mapajani. Na siku ya pili, walipoanza kuharisha, mtu mmoja alikwenda dukani akarudi na shauri kwamba wasagiwe nusu ya kidonge cha kutuliza maumivu cha binadamu. Alfajiri ya siku ya tatu wote watatu walikuwa wamekufa. Kila aliyewashika aliwapenda, na kila mmoja alifanya kama alivyoambiwa. Wala katika nyumba ile hapakutokea hata mmoja, nami nikiwa miongoni mwao, aliyefikiri kumwuliza daktari wa mifugo.

Laiti tungaliuliza, tungaliambiwa mambo mepesi kabisa. Mtoto wa paka azaliwapo huwa na uzito wa gramu 100 hivi, macho yake hufumbuka baina ya siku ya 7 na ya 14, na katika majuma yake ya mwanzo hawezi kujipatia joto mwenyewe, jambo ambalo katika vilima vya Ngara, penye baridi ya usiku, ndilo la kutangulizwa mbele ya mengine yote. Kwani aliyepoa mwili hawezi kusaga maziwa tumboni, na kumnywesha kabla hajapata joto ni kumwongezea maradhi. Hutosha boksi lenye vitambaa vikavu, na chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa nguo ili isimwunguze, naye aachiwe nafasi ya kujisogeza kando akizidiwa na joto. Kisha anyonye kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, hali amelala kifudifudi kama anyonyavyo kwa mamaye, kwa maana akilazwa chali maziwa yaweza kuingia mapafuni. Na kila amalizapo kunyonya, afutwe chini ya mkia kwa kitambaa laini chenye maji ya vuguvugu, kwa sababu bila ya ulimi wa mama hawezi kukojoa wala kwenda haja.

Ama maziwa ya ng'ombe, hayo yana protini na mafuta machache kuliko maziwa ya paka, na sukari yake aghalabu ndiyo imharishayo mtoto. Bora kuliko yote ni kumtafuta jirani mwenye paka anyonyeshaye. Na akikosekana, daktari ndiye wa kueleza kinywaji gani kitengenezwe na kwa kipimo gani. Wala tusifanye haraka kuwaokota tuwaonao peke yao, kwani mama huwahamisha watoto wake mmoja mmoja, na huenda yu njiani kumrudia aliyebaki. Tumngoje kwa mbali, maadamu hapana hatari, wala watoto hawajaanza kupoa.

Liko jambo moja ambalo natamani lijulikane katika kila kaya ya wilaya hizi mbili: paka hatibiwi kwa dawa ya mtu wala kwa dawa ya ng'ombe. Ini lake halina uwezo wa kuivunja parasetamoli kama ini la mwanadamu, hata kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumwua paka mzima, sembuse mtoto wake wa siku tatu. Hali kadhalika dawa za kuogeshea mifugo, ambazo baadhi yake ni za jamii ya pairethroidi, humwondolea ng'ombe kupe bila ya dhara, lakini paka aliyepakwa ili kuondoa viroboto huanza kutetemeka, akapatwa na degedege, akafa.

Yamkini atatokea wa kusema kwamba katika nchi yenye shida nyingi haifai kumshughulisha daktari kwa ajili ya paka. Nami namkumbusha kwamba sahaba mkubwa wa Mtume, aliyepokea hadithi nyingi kuliko wenzake, alijulikana kwa lakabu ya Abu Huraira, yaani baba wa kipaka, wala hakuiona kuwa aibu. Na kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikuandikwa kwa ajili ya ng'ombe peke yake. Fauka ya hayo, Biharamulo, ambako tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwapo kwa maradhi ya Marburg, haihitaji kufundishwa kwamba afya ya mtu na afya ya mnyama hazitengani. Katika maradhi yale paka hana lawama, kwani virusi vyake hukaa katika popo walao matunda. Lakini kichaa cha mbwa paka hukipata, na humwambukiza mtu kwa meno yake, na dalili zikisha kudhihiri ni nadra mno mtu kupona.

Waganga wa wanyama tunao. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliweka Baraza la kuwasajili, Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro huwafundisha, na halmashauri zetu zina maofisa mifugo wao. Kwa hiyo naziomba halmashauri za Ngara na Biharamulo kwamba, kila ipangwapo siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, itangazwe wazi kuwa paka waliotimiza miezi mitatu waletwe pia, na ofisa mifugo apewe nusu saa ya kuwafundisha watu ulezi wa watoto wa paka na sumu za kuepukwa. Nawe msomaji, namba ya simu ya ofisa mifugo wa kata yako iandike leo, uiweke pahala pa wazi nyumbani. Na paka wako atakapozaa, au mtoto wake atakapougua, mpigie yeye kwanza, kabla hujafungua mfuko wa dawa.